Fundi mitambo kalipwa, mwimbaji je?

Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Desemba, kabla wageni hawajatawanyika kwenda kwao likizo, Masaki na Oysterbay hazipoi kwa shughuli za hisani. Wiki hii ni soko la wenzi wa mabalozi, wiki ijayo ni chakula cha jioni kwenye bustani ya hoteli, kisha kwaya ya Krismasi ya walimu wa shule za kimataifa na wafanyakazi wa mashirika, kisha mnada wa picha. Unguja kuna zake, na Nairobi mambo ni hayo hayo kuanzia Gigiri hadi Karen. Nia ya shughuli hizi kwa kawaida ni njema. Fedha zinazochangwa hununua madawati, hulipia watoto ada, huwapatia wagonjwa matibabu ambayo wasingeyapata. Sina ugomvi na nia hiyo, wala siandiki ili kumkejeli mtu anayetumia jioni yake kuuza tiketi kwa ajili ya watoto wasiomhusu kwa damu. Ninachokipinga ni kimoja: namna tulivyokubali kwamba katika usiku wa hisani, msanii mwenyeji ndiye peke yake anayestahili kufanya kazi bila malipo.

Tazama fedha zinavyotembea. Ukumbi una bei yake, na hata ukipunguziwa, hoteli haikosi kuuza vinywaji. Wapishi hulipwa. Mwenye mahema na viti hulipwa, tena kwa advansi, la sivyo hapakii gari. Fundi mitambo hulipwa, jenereta hulipiwa mafuta, walinzi hulipwa. Kisha inafika zamu ya kikundi cha ngoma, au bendi ya vijana sita, au bibi wa taarabu aliyetolewa mjini kwa gari la kamati, na ghafla lugha inabadilika. Hao wanaambiwa kwamba hili ni jambo la hisani. Watapewa nauli, wali na soda, na wataonekana na watu wakubwa. Mchoraji naye anaombwa picha moja tu ya mnada. Ikifika usiku wa manane, mwenyekiti anawashukuru wafadhili kwa majina: benki, kampuni ya simu, shirika la ndege. Msanii anatajwa kwa kupigiwa makofi. Katika daftari la mapato na matumizi hayumo kabisa, kwa sababu hakuingiza fedha taslimu wala hakutolewa fedha, ingawa watu walinunua tiketi kwa kuvutwa na jina la bendi yake.

Ukipima mchango kwa uwezo wa mtoaji, aliyetoa zaidi kuliko wote mara nyingi ni huyo ambaye hakutajwa. Tuseme mchoraji anauza picha mbili kwa mwezi. Akitoa moja kwa mnada wa hisani ametoa nusu ya pato lake la mwezi. Mgeni aliyekaa meza ya mbele, mwenye mshahara wa kimataifa, nyumba ya kulipiwa na ada ya watoto ya kulipiwa, hata akinyanyua mkono kwa bei ya juu kuliko zote usiku ule, hafikii nusu ya mshahara wake, wala robo. Na mnada wenyewe una hatari nyingine ambayo wasioishi kwa brashi hawaioni. Picha ikiuzwa kwa bei ya kutupa mbele ya watu mia mbili, ambao ndio hasa wanunuzi wa sanaa katika mji huu, bei hiyo ndiyo inayobaki vichwani mwao. Mchoraji amepoteza picha, na kesho atapata tabu kumwambia mtu kwamba kazi yake ina thamani mara tatu ya ile waliyoiona ikigongwa nyundo.

Huenda wengi wa wanaoandaa shughuli hizi wanaamini kwamba muziki wa hisani, kwa asili yake, ni muziki wa bure. Historia ya kwao wenyewe inasema kinyume. Kazi ya muziki inayoimbwa zaidi kila Krismasi na kwaya za wageni, Messiah ya George Frideric Handel, ilisikika hadharani mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, katika onyesho la hisani. Handel mwenyewe alikuwa mgeni pale. Alizaliwa Halle, Ujerumani, akahamia London, na Ireland alikwenda kwa msimu mmoja wa maonyesho. Fedha za siku ile ziligawiwa hospitali mbili na mfuko wa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa madeni wakatoka gerezani. Watu walikuwa wengi hata mabibi waliombwa waje bila pete za kutanua magauni, na mabwana waache panga nyumbani, ili ukumbi uwatoshe. Mfano bora kuliko huo wa mgeni kutumia sanaa kwa manufaa ya wenyeji ni mgumu kuupata.

Lakini tazama na yaliyotangulia na yaliyofuata. Miaka minne kabla ya Dublin, mwaka 1738, Handel alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioanzisha London mfuko wa kuwasaidia wanamuziki waliozeeka au kufukarika, pamoja na familia zao. Walikuwa wamewaona watoto wa mpiga zumari aliyekuwa maarufu, baba amekufa, wao wanaswaga punda mitaani. Walioujua muziki kwa undani walianza hisani kwa mwanamuziki mwenyewe, na Handel alipofariki mwaka 1759 aliuachia mfuko huo pauni 1,000 katika wosia wake. Kuanzia mwaka 1750 Messiah yake ilikuwa ikipigwa kila mwaka kwa ajili ya makao ya watoto waliotelekezwa yaliyoanzishwa na Thomas Coram, na hesabu za onyesho la mwaka 1754 zimehifadhiwa hadi leo. Ndani yake mmeandikwa wapigaji vyombo na waimbaji na kiasi walichopewa. Walilipwa, katika onyesho la yatima, na Handel akiwa hai. Watafiti wa leo wanapotaka kujua okestra ile ilikuwa na fidla ngapi na tarumbeta ngapi, huenda kwenye karatasi hiyo ya malipo. Watu wale wanajulikana leo kwa sababu waliandikwa kwenye hesabu. Wangekuwa wamepigiwa makofi tu, nani angewajua?

Hapo msomaji anayeijua pwani anaweza kunisimamisha. Mbona hata sisi, atasema, muziki wetu mwingi ulikuwa wa kujitolea? Vikundi vya taarabu vya Unguja, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, au Mila na Utamaduni ambacho wengi wanakiita Culture Musical Club, vilijengwa na watu wenye kazi zao za mchana, wakija klabuni jioni kwa mapenzi. Harusini walialikwa, wakapiga hadi alfajiri, na hakuna aliyehesabu saa. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na ni lazima nikae nayo.

Ni kweli kwamba walipiga bila kudai ujira wa mtu mmoja mmoja, lakini hawakupiga bure. Harusi ya leo ni ya mpwa wa mpiga kanuni, ya mwezi ujao ni ya binti wa mpiga fidla. Aliyepigiwa leo kesho anapika pilau kwenye msiba wa aliyempigia. Chama kilikuwa na michango, sare, safari na heshima, na mwanachama akiugua alikuwa na watu. Juu ya hayo kulikuwa na kutunza. Shoga anainuka kitini, anakwenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, anamwekea noti mkononi huku ubeti uliomgusa ukiendelea. Kutunza ni malipo yanayotolewa hadharani, kwa jina na uso, na anayetunza anajigamba kwa kutoa. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa sababu sauti yake ilikuwa na soko, na santuri zile zilinunuliwa mwambao mzima. Utamaduni huu haukuwahi kumwambia mwimbaji kwamba kuonekana kwake kunatosha kuwa chakula.

Kwa hiyo kilichofanya muziki wa bila ujira uwezekane pwani ni kukaa pamoja kwa miaka mingi. Deni la fadhila linahitaji muda wa kulipwa. Na hicho ndicho ambacho jumuiya ya wageni, kwa umbile lake, haina. Balozi hukaa miaka mitatu au minne. Mtaalamu wa mradi hukaa hadi mradi uishe. Mwalimu wa shule ya kimataifa ana mkataba wa miaka miwili unaoweza kuongezwa. Siwasemi hapa Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengine waliohamia vizazi vilivyopita wakazika wazee wao hapa. Hao ni wenyeji wenye historia nyingine. Nasema mkazi wa muda, ambaye mwisho wa mkataba anauza friji na gari akaondoka. Huyu hata akiwa na moyo wa dhahabu hatakuwapo harusi ya binti wa mpiga ngoma itakapofika, wala hatakuja hospitalini mpiga ngoma akilazwa. Fadhila aliyopokea haina njia ya kurudi. Kwa mtu wa namna hiyo, fedha taslimu ndiyo njia ya heshima iliyobaki, kwa sababu ndiyo inayomwezesha kumaliza deni lake kabla hajapanda ndege.

Tena ushahidi wa kile ambacho wageni wanaweza kuijengea sanaa wakilipa uko hapo hapo Oysterbay, hatua chache kutoka kumbi za hisani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora mnamo mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya dukani ambayo mtu angepakia baiskeli au mlango. Kazi zake ziliuzwa karibu na duka la Morogoro Stores, mahali ambapo wageni wa wakati ule, wakiwemo watu wa nchi za Skandinavia, walikwenda kununua mahitaji yao ya nyumbani. Hakuna kamati iliyomfanyia tafrija. Waliziona picha, wakazipenda, wakatoa fedha wakaondoka nazo. Alipata miaka michache tu ya kazi hiyo, kwani mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Lakini katika miaka hiyo michache soko lilikuwa limeshashika, na jamaa na wanafunzi aliowafundisha waliendelea kuchora na kuuza mahali pale pale, hadi mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, watu bado wanalipa kodi ya nyumba kwa mtindo alioubuni.

Soko nalo lina makali yake, na sitayaficha. Mnunuzi mgeni alitaka tembo, twiga na Kilimanjaro, na wachoraji wakamchorea hivyo mpaka picha nyingine zikafanana kama zimetoka kwenye muhuri mmoja. Huo ni uharibifu, na wachoraji wenyewe wameulalamikia. Hata hivyo naupendelea ugomvi wa mchoraji na mnunuzi wake kuliko shukrani za mchoraji kwa mfadhili wake. Kwenye ugomvi wa kwanza mchoraji anaweza kukataa, kupandisha bei, au kuchora anachotaka na kumtafuta mnunuzi mwingine. Akiwa wa kushukuru tu, neno lolote la kukataa linaonekana utovu wa adabu.

Linganisha na yaliyotokea Unguja kwa taasisi ambazo zinalipa wasanii na kuwafundisha, lakini zenyewe zikisimama kwa misaada. Sauti za Busara, tamasha lililoanza kufanyika mwaka 2004 na kuijaza Ngome Kongwe kila Februari, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kuwafundisha vijana udi, kanuni na ngoma visije vikazikwa pamoja na wazee, kilikaribia kufunga milango mwaka 2019 wafadhili walipopungua. Vyote viwili viliokoka, na waliohangaika kuviokoa wanastahili pongezi. Lakini fikiria idadi ya tafrija za hisani zilizofanyika katika miaka hiyo hiyo, kila moja ikiwa na muziki jukwaani, na muziki huo haukulipiwa. Kama kila kamati ingekodi wanafunzi na walimu wa chuo kile kwa bei halali, chuo kingekuwa na kipato ambacho hakitegemei barua ya ubalozi wowote.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la watoto. Kila shilingi anayopewa mpiga gitaa, wanasema, imetolewa mdomoni mwa mtoto yatima. Ni maneno yanayochoma, na nadhani ndiyo yanayomnyamazisha msanii anapofuatwa. Lakini mbona hatuambiwi kwamba shilingi ya mpishi imetolewa mdomoni mwa yatima? Mbona mafuta ya jenereta hayaonekani kuwa wizi? Gharama ni gharama. Kamati ikikuta matumizi yanameza mapato, ipunguze maua na aina za nyama. Kwanza yatima wenyewe ni nani? Wengi ni watoto wa mitaa ile ile anayotoka mpiga gitaa, na baadhi yao anawalea yeye, kwa kuwa ndugu yake alifariki akawaacha. Kumnyima ujira wake wa usiku mmoja ili kuchangia kituo cha watoto ni kuhamisha fedha kutoka mkono mmoja wa kaya ya Kitanzania kwenda mwingine, huku mgeni akihesabiwa kuwa ndiye aliyetoa.

Wapo wageni wanaojibu kwamba hata wao wanapiga bure. Daktari anapiga fidla, mke wa ofisa anaimba sauti ya kwanza, mhandisi anapuliza tarumbeta, na hakuna anayedai senti. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini fidla ya daktari si mshahara wake. Angeombwa atibu bure kila wikendi kuanzia Oktoba hadi Desemba, angeuliza, kwa haki kabisa, nani atalipa ada ya wanawe. Mpiga ngoma anaombwa hasa hilo: atoe bure kile anachokiuza. Tena hiyo ndiyo miezi ambayo angepata kazi za harusi na mahafali.

Na ile ahadi ya promo? Ingekuwa na maana kama ukumbi ungekuwa na mapromota wanaotafuta bendi. Ukumbi una watu waliokuja kula na kuchanga, na nusu yao mwakani watakuwa Hanoi au Lima. Msanii anayeonekana leo, akija mwakani mbele ya kamati mpya, ataanza upya kuonekana. Wapo wasanii waliopata kazi kwa kuonekana katika tafrija kama hizo, sikatai, lakini mtu hawezi kupanga maisha yake juu ya bahati ya mwenzake. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, inayotambua kwamba wimbo na picha ni mali. Hakuna anayemwendea mwenye kiwanja akamwomba akitoe ili kionekane.

Tusijidanganye pia kwamba hili ni kosa la Wazungu peke yao. Sisi tukiwa wageni kwa watu tunafanya vivyo hivyo. Watanzania na Wakenya wa Uingereza, Marekani au Ghuba wakichangia mafuriko ya nyumbani au maziko ya mwenzao, wa kwanza kuombwa afanye shoo bila malipo ni mwanamuziki aliye kati yao, ambaye kutwa anafanya kazi ghalani na usiku ndio anapiga muziki. Tofauti ni kwamba wale angalau wanakaa pamoja, na siku ya maziko yake yeye watachanga pia.

Kuna msanii mwingine, ambaye anataka kutoa. Ameguswa na jambo lenyewe, labda mtoto wake alitibiwa katika hospitali ile ile, na akilipwa ataona amenyang'anywa nafasi yake. Huyu asizuiwe. Ila alipwe kwanza, kwa bei yake ya kawaida, fedha zifike mkononi mwake au kwenye simu yake, kisha kesho yake akitaka kuzirudisha zote au nusu, azirudishe kwa hiari akiwa nyumbani kwake, bila macho ya kamati. Akifanya hivyo jina lake lichapwe kwenye orodha ya wafadhili pamoja na kiasi alichotoa, kwa herufi zile zile za benki na kampuni ya simu. Kwa picha za mnada, mchoraji aweke mwenyewe bei ambayo chini yake picha haiuzwi, na sehemu yake, nusu walau, itajwe kwenye kadi iliyobandikwa kando ya picha ili mnunuzi ajue. Kamati za mwaka huu zinaanza kukutana Agosti, wanapogawana kazi za kutafuta ukumbi, chakula na mitambo. Kwenye jedwali la makisio, chini ya mstari wa jenereta, kuna nafasi ya kuandika jina la bendi na kiasi cha fedha.